Televisheni ya Chogo na Penseli za Mafundi

Niliinunua kwa shilingi 60,000, ikiwa mbovu, katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Zanzibar. Kwa miaka mingi ilikuwa imegeuzwa meza. Juu yake palikuwa na taa ya chemli, mbuzi ya kukunia nazi na kanga zilizokunjwa. Mwenye nyumba aliniuliza mara mbili kama nimeelewa kuwa haiwaki. Nilimjibu nimeelewa. Sikumwambia kuwa hela ile ilikuwa ya nauli ya boti na posho yangu ya wiki mbili za utafiti.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu historia ya televisheni Zanzibar. Sura ya kwanza ilianza kwa kujigamba, kama tunavyojigamba wengi: Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Afrika kurusha televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara haikuwa nayo kabisa. Mwalimu Nyerere aliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo vijiji vyake vingi havikuwa hata na umeme, na Bara ikasubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza 1976, kwa sababu watawala wa makaburu waliogopa picha za nje zingewaharibia watu wao. Serikali mbili zilizochukiana ziliikataa televisheni kwa sababu zilizo mbali kama mbingu na ardhi, na katikati kisiwa cha karafuu kikarusha rangi.

Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo, akaandika pembeni swali moja tu: "Nani aliitazama?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hotuba, magazeti na picha za viongozi. Ndipo nikaanza kutafuta televisheni yenyewe.

Nilimpelekea Bibi kwanza, kwa sababu kwake ndiko ninakofikia nikiwa Zanzibar. Macho yake yameanza kuingia ukungu. Aliipapasa kasha la mbao, akazungusha kitufe cha stesheni kilichotoa mlio wa kukatika-katika, akacheka.

"Hii ndiyo ile ya dirishani," alisema.

"Ulikuwa nayo, Bibi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa na dirisha la jirani, mjukuu wangu. Wakubwa wa nyumba wanakaa mkekani, watoto mlangoni, sisi nje. Ukiwahi unaona picha. Ukichelewa unaona migongo ya watu."

Halafu, bila kuulizwa, akaanza kunieleza foleni. Miaka ile mchele, sukari na unga vilikuwa vya mgao. Alfajiri alikuwa akipanga foleni ya mchele, jioni anapanga foleni ya dirisha. Nilimuuliza kama hakuona ajabu kuwa serikali iliyokuwa na fedha za kigeni za karafuu imeleta rangi kabla ya mchele. Alinyamaza kidogo. "Niliona ajabu," alisema. "Lakini nilikwenda kutazama. Usiandike kimoja ukaacha chengine."

Akaniomba iwashwe. Anataka kuiona ikiwa hai wakati bado anaona.

Fundi niliyempata ana kibanda si mbali na Darajani. Ni mzee wa makamo aliyejifunza kazi kwa baba yake. Kabla ya kugusa chochote ndani alichukua bisibisi ndefu iliyofungwa waya, upande mmoja akaubana kwenye chuma cha bodi, ncha akaiingiza chini ya kikombe cha mpira juu ya kioo. Kioo cha televisheni ya rangi hupokea zaidi ya volti 20,000, na kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. "Hiki ni kama chungu kilichoepuliwa," alisema. "Moto huuoni, lakini unaungua."

Alipofungua mgongo wote niliona maandishi. Upande wa ndani wa kifuniko mafundi waliotangulia walikuwa wameandika kwa penseli: tarehe na kifaa kilichobadilishwa. Ya zamani kabisa ilikuwa 6/78. Ikafuata 2/82, kisha 9/83, kisha 1987. Mstari mmoja ulikuwa kwa herufi za Kiarabu. Fundi aliusoma taratibu: kapasita imetolewa kwenye redio.

Tulifuata maandishi yale kwa kurunzi, moja baada ya jingine. Penye 82 tulikuta kapasita mbili ndogo zimeunganishwa ili zifanye kazi ya moja kubwa. Penye 83 palikuwa na ile ya redio, imefungwa kwa uzi ili isitikisike. Penye 87 palikuwa na kifaa kipya kabisa, cha saizi yake, kimekaa mahali pake kama kilivyotoka kiwandani. Nilihisi nywele zikinisimama. Miaka ya mwanzo ya themanini ndiyo iliyokuwa ya uhaba, fedha za kigeni zimekauka na maduka ni matupu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na vitu vikaanza kurudi madukani. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo vitabuni. Sasa nilikuwa naiona imelehemewa.

Pia nilijua kitu kingine: kuna mtu aliyeona ni afadhali kuiua redio ili televisheni iishi. Hilo halikuwa katika hotuba yoyote niliyoisoma.

Hapo ndipo mimi na fundi tulipokosana. Yeye alitaka kuing'oa bodi yote na kuweka ya Kichina, ile inayokubali karibu kila kioo. Kazi ya siku moja, nafuu, na ina uhakika. Njia nyingine ilikuwa kupima kifaa kimoja kimoja, kubadilisha kapasita zilizokauka, kulehemu upya maungio yaliyopasuka, na kusali kwamba kioo na ile koili ya umeme mkubwa bado ni vizima. Koili ikiwa imekufa, kuipata nyingine ni bahati nasibu.

"Wewe unataka televisheni au unataka makumbusho?" aliniuliza.

Swali lilikuwa la haki. Kama mwanafunzi wa historia nilitaka kila kitu kibaki. Kama mjukuu nilimfikiria Bibi, ambaye macho yake hayasubiri. Na hata kuiacha kama ilivyo hakukuwa uaminifu, kwa maana wale mafundi wa penseli hawakuwa wakihifadhi kitu. Walikuwa wakiwasha televisheni ili watu watazame.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Bodi ibaki. Kapasita zilizokufa zitoke, pamoja na ile ya redio, na kila kitakachotolewa kiingie kwenye kopo la maziwa kikiwa na karatasi ya kueleza kilikokuwa. Akiikuta koili imekufa, ataweka bodi ya Kichina nami sitalalamika. Kazi ilichukua siku tisa na shilingi 85,000. Koili ilikuwa nzima.

Likabaki tatizo ambalo mafundi wa 78 hawakulijua: hewani hakuna tena cha kukamata. Mitambo ya analojia Tanzania ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na televisheni hii haina tundu la kuchomeka king'amuzi, ina tundu la antena tu. Fundi alitoa deki ya zamani ya kanda za video. King'amuzi kikaingia kwenye deki, deki ikaingia kwenye antena. Kwanza zikaja chenga, halafu sauti, halafu mtangazaji wa habari mwenye uso wa kijani upande mmoja. Fundi aliizima na kuiwasha mara kadhaa, kwa mapumziko, mpaka ule usumaku ulioshika kioo ukapungua na uso ukarudi kuwa uso.

Tulimweka Bibi kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwenye kioo. Baada ya dakika chache alinigeukia. "Ndogo," alisema. "Kutoka dirishani ilikuwa kubwa." Akaendelea kutazama mpaka habari zikaisha.

Sura ya kwanza niliiandika upya. Haianzi tena na nani alikuwa wa kwanza. Inaanza na foleni mbili za siku moja, na watu waliozipanga zote mbili.

Siku ya kuifunga, fundi aliniomba penseli. Nilisita, maana kifuniko kile sasa kilikuwa ushahidi wangu. Kisha nikampa. Aliandika tarehe chini ya 1987, akaandika "kapasita 11, lehemu", akakaza skrubu za mgongo.