Nyimbo za Kihispania Katika Nchi ya Marekani

Katika mwaka wa 1958 kijana mmoja wa Los Angeles, ambaye ukoo wake ulikuwa na asili ya Mexico, alitiwa sauti yake katika santuri. Alikuwa na umri wa miaka 17, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Richard Valenzuela. Bwana aliyemtolea santuri alilikata jina hilo likawa Ritchie Valens, ili apate kusikilizwa na watu wengi kuliko wale wa asili yake tu. Maana siku zile wenye redio walikuwa kama mabawabu, na jina la kigeni aghalabu liliachwa mlangoni.

Kijana akakubali kukatwa jina, walakini akaingia na kitu kingine ambacho hakikukatwa. Upande mmoja wa santuri yake ulikuwa na wimbo wa Kiingereza. Upande wa pili alitia La Bamba, wimbo wa kale wa Veracruz, pwani ya Mexico, uliozoeleka kuimbwa arusini. Katika pwani hiyo walikutana Wahispania, wenyeji wa asili, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na muziki wake una urithi wa wote watatu. Valens aliupiga kwa gitaa la umeme. La kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe alikua akisema Kiingereza, hata maneno ya wimbo ilimbidi ayashike kwa sikio, kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo aya kabla ya kujua maana yake. Tarehe 3 Februari 1959 ndege aliyopanda ilianguka katika jimbo la Iowa, akafa kabla ya kutimiza miaka 18.

Wimbo haukufa. Mwaka 1987 ilitoka filamu ya maisha yake, na kundi la Los Lobos likauimba upya; ukawa wimbo wa kwanza wa Kihispania kitupu kushika nafasi ya kwanza Marekani.

Wengine walilipa ushuru wa namna nyingine. Julio Iglesias wa Madrid, aliyekuwa golikipa wa vijana wa Real Madrid mpaka ajali ya motokaa ilipomvunja mwaka 1963, alikwisha kupata sifa Ulaya na Amerika ya Kusini. Lakini alipotaka soko la Marekani, mwaka 1984, aliimba Kiingereza pamoja na Willie Nelson. Mimi simlaumu: mchuuzi husema lugha ya mnunuzi.

Baadaye wanunuzi wenyewe waligeuka. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Marekani ina watu zaidi ya milioni 62 wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Na kwa njia ya intaneti wimbo humfikia msikilizaji pasipo ruhusa ya bawabu. Mwaka 2017 Despacito, wimbo wa Luis Fonsi na Daddy Yankee wa Puerto Rico, ulikaa nafasi ya kwanza majuma 16, na safari hii Justin Bieber, Mkanada, ndiye aliyejifunza maneno ya Kihispania apate kuingia. Mwaka 2020 Mpuerto Rico mwingine, Benito Martínez, alifikisha juu kabisa albamu nzima ya Kihispania. Jina lake la jukwaani, Bad Bunny, ni la Kiingereza. Maana yake ni Sungura Mbaya, na alijichagulia mwenyewe.