Damu ya Mtoto Inaenda Wapi?

Leo tunaacha mambo ya uji na chanjo kidogo. Kuna mama kutoka upande wa Kabazi aliyeniuliza, huku ameshika mkono wa mtoto wake aliyekuwa analia, "Sista, hii damu mnayotoa inaenda wapi?"

Siku hiyo kilikuwa kipimo cha kawaida tu, wala si utafiti. Lakini swali lake ni la zamani. Wakati wa mkoloni, watu Nairobi waliogopa wazimamoto, wakisema hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Huko Pwani waliitwa mumiani. Sisi tunaweza kucheka, lakini mtu aliyetozwa kodi ya kichwa na kuvishwa kipande shingoni angemwamini vipi mtu wa serikali mwenye sindano?

Hofu hiyo ilikuwa bado hai Kilifi wakati KEMRI ilipoanzisha kituo chake cha utafiti katika uwanja wa hospitali ya wilaya mwaka 1989. Malaria ilikuwa inamaliza watoto. Kati ya 1993 na 1995 watafiti walijaribu neti zilizotiwa dawa, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa thuluthi moja. Neti zinazogawiwa leo katika sehemu zenye malaria zina deni kwa familia hizo za Kilifi.

Hata hivyo, minong'ono haikuisha. Wengine walisema damu inauzwa, wengine wakasema hao ni watu wa shetani. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo mimi naona ni zito kuliko uvumi: akina mama wengi walidhani KEMRI ni wodi tu yenye dawa nzuri. Walikubali bila kuelewa kwamba mtoto ameingizwa kwenye utafiti. Mama ambaye mtoto wake anatetemeka kwa homa atatia sahihi chochote unachomwekea mbele. Hiyo si ridhaa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kituo kilibadilisha mwendo. Wanakijiji walichagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, kuwapelekea malalamiko na kurudi na majibu. Wakazi walialikwa kuingia maabara, wakaona jinsi damu inavyopimwa na friji inamohifadhiwa. Hata kueleza kiasi cha damu ni kazi: ukimwambia mama "mililita tano" umemwacha gizani, lakini ukisema "kijiko kimoja cha chai" ameelewa. Uvumi haukufa wote, ila sasa ulikuwa na mahali pa kupelekwa.

Utafiti nao si lazima ulete habari njema. Kuanzia 2009, watoto 3,141 waliokuwa mahututi Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo, waliingizwa katika utafiti wa maji ya dripu. Swali lilikuwa: mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, je, amiminiwe maji mengi kwa haraka? Madaktari wengi walidhani ndiyo. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa. Waliomiminiwa haraka walikuwa wanakufa karibu 11 kwa kila 100 katika saa 48 za kwanza. Wale ambao hawakumiminiwa, 7 kwa kila 100. Matokeo yalitangazwa wazi mwaka huohuo. (Tafadhali usikatae dripu kwa sababu ya maneno haya. Watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwa katika utafiti huo.)

Kwa hivyo mtafiti akibisha hodi kwako, muulize kama kamati ya maadili imeidhinisha utafiti wake, na ikiwa ni dawa mpya, kama Bodi ya Famasia na Sumu imekubali. Muulize ni vijiko vingapi vya damu, itawekwa muda gani, na kama ukitoka katikati mtoto ataendelea kutibiwa. Jibu la hilo la mwisho ni lazima liwe ndiyo. Ukitaka kwenda na karatasi nyumbani ili mzungumze na baba watoto au shosho, nenda nayo.

Yule mama wa Kabazi nilimpeleka kwenye dirisha la maabara. Akaiona chupa yenye jina la mtoto wake, akaniuliza inayobaki inatupwa wapi. Nikakosa jibu, ikabidi nimwulize mtu wa maabara. Akatueleza sote wawili kwamba huwekwa dawa ya kuua viini, kisha huteketezwa.