Ngumbaru na Kisomo Chenye Manufaa

Neno "ngumbaru" lingalimo katika kamusi zetu kwa maana ya mtu mzima anayejifunza kusoma na kuandika, lakini masikioni mwa wengi lina harufu ya kejeli: ngumbaru huchekwa kwa kuchelewa. Si jambo dogo, basi, kwamba katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walikubali kubeba jina hilo, wakakaa jioni kwenye madawati ya watoto wao hali miili imechoka kwa jembe. Kuandikisha watu ni kazi nyepesi. Mimi hujiuliza zaidi ni nini kilichowarudisha darasani wiki ya pili, na mwezi wa pili.

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lengo la kwanza alilolitaja halikuwa herufi. Lilikuwa kuwatoa watu katika hali ya kuyapokea maisha kama yalivyo, kana kwamba hayabadiliki. Mwaka uliofuata wilaya sita zikapewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kisha agizo likaenea nchi nzima.

Lakini agizo humfikisha mtu mlangoni tu. Jibu la ndani zaidi lilikuwa limekwisha anza kujaribiwa Mwanza tangu 1968, katika mradi ulioungwa mkono na UNESCO. Huko ndiko kilikokuzwa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alifundishwa kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba. Fikiri tofauti yake na mtu mzima anayesomeshwa habari za mtoto na mpira! Mwanafunzi huyu aliijua mada kuliko mwalimu wake, ambaye mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba na kufundisha kwa kujitolea. Palipokuwa na aibu ya kutojua herufi, palikuwa pia na heshima ya kuijua kazi.

Hapa wapenzi wa lugha watanipa ruhusa ya kutua kidogo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na anayezishika silabi zake husonga mbele haraka. Walakini kwa bibi wa Kisukuma, ambaye lugha yake ina irabu saba ilhali ya kitabuni ina tano, darasa lile lilimtaka ajifunze mambo mawili kwa pamoja: kusoma, na lugha ya kusomea. Ugumu huo hautajwi vya kutosha tunapoisifu kampeni.

Redio nayo ilileta ujirani. Katika "Mtu ni Afya" ya 1973, watu wapatao milioni mbili walikutana kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Asiyejua kusoma alikuwa na la kusema mbele ya wenzake, na somo lilionekana uani mwake kabla ya juma kwisha. Nadhani hili liliwashikilia watu kuliko hotuba zote.

Matunda yalionekana. Wasiojua kusoma, waliokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, walihesabiwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilitaja asilimia zisizotimia kumi.

Hata hivyo, aliyemaliza kitabu cha pamba alihitaji cha kusoma baada yake. Ndiyo maana mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ilipata gazeti lake la vijijini, "Elimu Haina Mwisho", na vijiji vikaanza kufunguliwa maktaba ndogo. Kisha zikaja vita vya Kagera na dhiki ya uchumi. Karatasi zikawa adimu, na walimu wa kujitolea wakatawanyika. Sensa ya 2002 ilipofika kuhesabu, takriban watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma. Wamo humo vijana ambao hawakupata kuingia darasani kabisa. Wamo pia wazee waliowahi kuisoma pamba, migomba na uvuvi, kisha wasipate ukurasa mwingine.