Ibn Khaldun na Wapiganaji Laki Sita

Mwaka 1375, Ibn Khaldun aliyapa kisogo makasri ya masultani akahamia na jamaa zake kwenye ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Huyu mzaliwa wa Tunis alikuwa na miaka 43. Tauni ilimfanya yatima angali kijana. Siasa zikampa vyeo, zikamtia na gerezani. Kule ngomeni akaandika kitabu chake Mukadima, rasimu yake akaimaliza kwa miezi 5 mwaka 1377.

Wengi wanaikumbuka kwa neno asabia: mshikamano wa ukoo unaowapa mabedui nguvu ya kutwaa dola, kisha raha za mjini zikaulegeza, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakatokea wengine wa kuwapindua.

Mimi kinachonishika ni kurasa za mwanzo. Masudi na wanahistoria wengine walikuwa wameandika kwamba Nabii Musa, kule jangwani, alihesabu wapiganaji 600,000. Ibn Khaldun hakutosheka na ukubwa wa majina yao. Laki sita wangepiganaje? Safu zingepita upeo wa macho mara mbili, mara tatu. Wa ubavu huu wangejuaje yaliyowapata wa ubavu ule? Na kutoka Yaakub hadi Musa ni vizazi vinne tu: uzao wote huo ungetoka wapi? Kwangu, elimu ya jamii inaanzia hapa, pale habari inapopimwa kwa maisha ya watu yalivyo kabla ya kumwamini msimulizi.

Ndiyo maana yaliyomo humo kuhusu sisi watu weusi yanauma. Alikataa kwamba weusi wa ngozi ni laana ya Hamu. Ni jua, alisema. Lakini lilipokuja dai kwamba watu weusi ni wepesi wa furaha na ngoma, wasiotafakari, alipinga sababu tu. Masudi alinukuu kwamba ni udhaifu wa ubongo. Yeye akasema ni joto, kama mtu anavyochangamka ndani ya hamamu mpaka akaimba. Dai lenyewe hakulipima. Kwingineko akatufananisha na wanyama.

Cha kulipimia dai hilo kilikuwepo. Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji ule kwa uzuri wake na watu wake kwa uchaji. Ibn Khaldun anamtaja msafiri huyo katika Mukadima, akisimulia maajabu aliyoyaeleza kuhusu sultani wa India. Hapo Kilwa haimo.