Chumba cha Moto cha London

Mnamo mwaka 1774, mjini London, tabibu George Fordyce aliwaalika wenzake, miongoni mwao Charles Blagden na Joseph Banks, waingie katika chumba alichokipasha moto hata hari yake ikafikia nyuzi 260 za Farenhaiti, ambayo ni kali kuliko maji yachemkayo. Humo mayai yaliyowekwa juu ya bati yaliiva yakawa magumu kwa muda wa dakika 20 hivi, na nyama ya ng'ombe ikaiva hata ikakauka. Ilhali wanadamu waliosimama kando ya chakula hicho walitoka salama, na joto la miili yao halikupanda ila kidogo mno. Walipoipulizia pumzi zebaki ya kipimajoto, ilishuka papo hapo.

Lililo bora zaidi kwangu, kuliko hata hayo mayai yaliyopata sifa, ni vile vyombo viwili vya maji walivyoviweka humo, kimoja kikiwa na mafuta juu yake: hicho kikachemka, na cha pili, kwa kuwa mvuke wake ulikuwa na njia ya kutoka, kikakawia mno, na huo ndio ushahidi wa kazi ya jasho, ambalo hupoza mwili likigeuka mvuke.

Uwezo huo wa mwili kudumisha joto lake ulipata maelezo mapana baadaye: katika karne ya 19, Claude Bernard wa Ufaransa alibainisha kwamba viungo vyetu vinaishi ndani ya maji ya mwili yaliyohifadhiwa katika hali moja, na mwaka 1932 Walter Cannon wa Marekani akaeleza kitabuni jinsi sukari, chumvi na joto vinavyorudishwa katika kadiri yake.