Sufu, Nailoni na Mabega ya Wanawake

Mteja akija kibandani kwangu Langas, Eldoret, kutafuta kostyumu ya mazoezi, simuulizi saizi. Mtumba mmoja una nguo za Ujerumani, Marekani na Uingereza, na nambari zao hazielewani. Nachukua tepu, naishika begani, naipitisha kifuani na katikati ya mapaja, kisha naipandisha mgongoni hadi bega lile lile. Mwenye kiwiliwili kirefu akivaa fupi, kamba zitamchuna mabega. Mwenye kifupi akivaa refu, maji yataingia kifuani na vazi litajaa kama gunia.

Mafundi wa zamani hawakujisumbua na hayo. Kazi yao ilikuwa kumficha mwanamke. Kama ataweza kuogelea, shauri yake. Walimvika sufu. Sisi wa Eldoret tunaijua sufu, maana mji huu ulikuwa na kiwanda cha sufu cha Raymond, na blanketi la sufu likilowa hulikamui peke yako. Annette Kellerman, muogeleaji wa Australia, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1907 alikamatwa katika ufuo wa Revere, karibu na Boston, kwa kuvaa vazi la kipande kimoja lililombana mwili. Miaka mitano baadaye, huko Stockholm, wanawake waliruhusiwa kuogelea kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaustralia mwenzake, Fanny Durack, alishinda mita 100, ingawa chama cha wanawake waogeleaji cha kwao kilikuwa kimekataza wanaume hata kuwatazama wakishindana.

Ubishi ukahamia mabegani. Mwaka 1928 Speedo ya Sydney ilitoa vazi lililokatwa mgongoni ili mikono izunguke bila kukwama. Mwaustralia Clare Dennis alilivaa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, akalalamikiwa kwamba mifupa ya mabega yake inaonekana mno. Aliogelea hata hivyo, akachukua dhahabu ya mita 200 kifua. Mkato huo wa mgongo ndio ninaoutafuta hadi leo kila mtumba unapofunguliwa, na ukiwa mzima ni kamera, yaani daraja la kwanza, hauchelewi kwenda.

Huku kwetu Eldoret mambo hayo yaliwapita bibi zetu. Mabwawa yalikuwa ya klabu za walowezi, na Mwafrika aliingia humo kufanya kazi. Hata baada ya uhuru, vazi la kuogelea lilibaki kitu cha hoteli na shule za wenye nazo. Sisi tulilipata miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Mitumba hiyo hiyo ilichangia kukiangusha kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa hapa mwaka 1975, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka 2007. Kwa hiyo nauza bidhaa iliyowafukuza kazi baadhi ya majirani zangu. Wao pia hununua kwangu.

Sufu iliondolewa majini na nailoni, kisha na uzi wa kunyumbuka uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Mwaka 1973, kwenye mashindano ya dunia mjini Belgrade, wanawake wa Ujerumani Mashariki walivaa kitambaa chembamba cha namna hiyo na kushinda mashindano 10 kati ya 14. Baadaye ilijulikana kwamba walikuwa wakipewa dawa za kuongeza nguvu, lakini kitambaa kilikuwa kimeshajiuza. Wazimu ulifika kileleni kwenye mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009: rekodi 43 za dunia zilivunjwa kwa mavazi ya plastiki, na kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku.

Mtu wa mazoezi hahitaji makuu hayo. Adui yake ni klorini, inayokula uzi wa kunyumbuka. Vuta kitambaa cha makalio mbele ya mwanga: ukiona vinyuzi vyeupe vilivyokatika, rudisha, hata kama rangi inang'aa. Anayeogelea kila wiki atafute lebo yenye poliesta nyingi; haiko laini sana lakini inadumu. Livae vazi likiwa kavu, inua mikono, chuchumaa. Libane kiasi, kwa sababu majini litalegea. Vidole viwili vipite chini ya kamba, visizidi. Ukitoka, suuza kwa maji baridi na uanike kivulini.

Wapo wateja wanaotaka kufunikwa hadi vifundoni. Aheda Zanetti alibuni vazi lao huko Australia mwaka 2004, na Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamefunika miili yao kwa mavazi ya namna hiyo. Hata hivyo, mteja wangu mmoja alifukuzwa kwenye bwawa fulani mjini kwa vazi hilo, eti linachafua maji. Lilikuwa la poliesta, sawa na la mwenzake aliyeacha mapaja wazi. Kenya ilimpeleka Emily Muteti Olimpiki ya Tokyo na Maria Brunlehner ile ya Paris, wote wakiogelea mita 50. Hatutapata muogeleaji kama hao kutoka Langas kwa kuwarudisha wasichana mlangoni. Wenye mabwawa, kataeni pamba na jinzi, lakini kitambaa cha kuogelea kipokeeni kiwe kifupi au kirefu.