Mbwa, Jiji na Jimbo: Historia ya Marufuku ya Pitibuli Jijini Denver, 1989–2020

Utangulizi

Mwaka 1989 Baraza la Jiji la Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, lilipitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu yeyote kumiliki, kutunza au kuuza pitibuli ndani ya mipaka ya jiji. Sheria hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 30. Katika kipindi hicho ilipingwa katika mahakama za jimbo na za shirikisho, ikasimamishwa kwa sababu ya sheria ya Bunge la Jimbo, ikarejeshwa na hakimu, ikaokolewa na kura ya turufu ya meya, na hatimaye ikaondolewa na wapigakura wenyewe. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama mabishano kuhusu tabia ya mnyama: je, pitibuli ni mkali kwa asili au hufanywa mkali na mwenye kumfuga? Insha hii inakitazama kwa namna nyingine. Hoja yake ni kwamba hatima ya sheria ya Denver haikuamuliwa na swali la ukali wa mbwa, bali na maswali mawili mengine: ni nani mwenye mamlaka ya kumtangaza mbwa kuwa hatari, na ni nani mwenye kuthibitisha kwamba mbwa aliyesimama mbele yake ndiye aliyetajwa na sheria.

Neno moja la istilahi linahitajika kabla ya kuendelea. Kiswahili humtambua mbwa zaidi kwa makazi na kazi yake kuliko kwa nasaba: tuna mbwa koko, mbwa wa ulinzi, mbwa wa kuwindia. Katika insha hii neno "mbegu" limetumika kwa maana ileile wanayoitumia wafugaji wanaposema ng'ombe wa mbegu bora. "Pitibuli" lakini si jina la mbegu moja. Sheria ya Denver ililifafanua kwa kutaja mbegu tatu, yaani American Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier na Staffordshire Bull Terrier, kisha ikaongeza mbwa yeyote mwenye sifa nyingi za kimaumbile za mojawapo ya hizo tatu. Nyongeza hiyo fupi ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya historia inayofuata.

Mbwa kama mali isiyo kamili

Kwa muda mrefu sheria za Marekani hazikumchukulia mbwa kuwa mali sawa na ng'ombe au farasi. Msingi wa msimamo huo katika ngazi ya taifa uliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1897, katika shauri la Sentell dhidi ya kampuni ya reli ya New Orleans na Carrollton. Mbwa jike wa thamani kubwa alikuwa amegongwa na kuuawa na gari la reli ya mjini. Mwenye mbwa alidai fidia, lakini sheria ya Louisiana ilimtambua mbwa kuwa mali pale tu alipoandikishwa katika orodha ya kodi, na wake hakuandikishwa. Akitoa hukumu ya kuiunga mkono sheria hiyo, Jaji Henry Billings Brown alieleza kwamba mbwa yuko katikati, baina ya wanyama wa porini wasiomilikiwa hadi watiwe mkononi na mifugo ambayo umiliki wake ni kamili. Kwa kuwa mbwa aweza kuwa rafiki mwema na vilevile aweza kuwa kero, mamlaka za umma zina uhuru mpana wa kumdhibiti, hata kumwua, bila ya kufuata taratibu zote zinazolinda mali nyingine.

Hukumu hiyo ni nguzo ya kila kilichofuata. Karibu miaka 100 baadaye mawakili wa miji waliendelea kuitegemea kila mara wenye mbwa walipodai kunyang'anywa mali yao kinyume cha katiba. Ni muhimu kutambua, hata hivyo, kwamba sheria za zama za Sentell zilihusu leseni, kodi na kichaa cha mbwa. Kwa kawaida hazikumbagua mbwa kwa mbegu yake. Wimbi la miji ya Marekani kupiga marufuku mbegu nzima ni la miaka ya 1980. Mji wa Hollywood huko Florida ulitunga kanuni maalumu dhidi ya pitibuli mwaka 1980, na kijiji cha Tijeras huko New Mexico kikawapiga marufuku kabisa mwaka 1984. Mapigano ya mbwa ya kucheza kamari, ambayo Bunge la Marekani liliyawekea vikwazo mwaka 1976 kwa yale yanayovuka mipaka ya majimbo, yalikuwa yamempa mnyama huyu sifa mbaya, na vyombo vya habari vikaikuza sifa hiyo. Mwaka 1987 jarida la Sports Illustrated, ambalo ni la michezo, lilimweka pitibuli mwenye kuonyesha meno kwenye jalada lake.

Denver, 1989

Hofu ya Denver haikuwa ya magazeti pekee. Mwaka 1986 mtoto wa miaka 3 aliuawa na pitibuli jijini humo, na mwaka 1989 mtu mzima alishambuliwa karibu na nyumbani kwake akapata majeraha ya kutisha. Mwanahistoria anayeandika leo, akijua jinsi sheria ilivyokuja kulaumiwa, ni rahisi kwake kulisahau kaburi la mtoto yule na kuwaona madiwani kuwa watu waliopumbazwa na hofu. Hilo litakuwa kosa. Baraza lilikuwa na msiba halisi mbele yake.

Sheria iliyopitishwa ilikuwa na makali mawili. Wenye pitibuli waliokuwa tayari jijini waliruhusiwa kubaki nao kwa leseni na kwa masharti mazito: mbwa ahasiwe, afungiwe mahali salama, afungwe mdomo anapotolewa nje, na mwenyewe awe na bima ya dhima ya dola 100,000. Kwa wengine wote lilikuwa katazo tupu. Mbwa aliyekamatwa na kuthibitishwa kuwa pitibuli alipaswa kuondolewa jijini, au auawe. Ni dhahiri kwamba sharti la bima liliwaumiza zaidi wenye kipato kidogo, kwani tajiri aliweza kuilipia au kuhamia kitongoji cha nje ya mipaka ya jiji.

Wenye mbwa wakiongozwa na chama cha Colorado Dog Fanciers walikwenda mahakamani. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Colorado na kuamuliwa mwaka 1991. Walalamikaji walitoa hoja kadhaa, na yenye uzito zaidi ilikuwa kwamba maana ya pitibuli haieleweki: mwananchi wa kawaida atajuaje kama mbwa wake aliyechanganyika damu ana "sifa nyingi" za mbegu zilizotajwa? Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba sheria haidai uhakika wa kihisabati, na kwamba mbegu ya mbwa yaweza kuthibitishwa kwa ushahidi usio wa kisayansi, yaani sura na umbo lake. Kuhusu hatari, ushahidi uliokubaliwa haukuwa kwamba pitibuli huuma mara nyingi kuliko mbwa wengine, bali kwamba akishambulia, madhara yake huwa makubwa zaidi. Hilo lilitosha kuwa msingi wa kimantiki wa sheria.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo ushindi wa jiji ulipobeba mbegu ya kushindwa kwake. Kwa kuliruhusu jicho kuwa shahidi, mahakama iliifanya sheria itekelezeke. Bila ya ruhusa hiyo ingekufa mwaka uleule. Lakini kwa kufanya hivyo iliifunga sheria na jicho, na jicho hilo lilikuja kutiliwa shaka. Vipimo vya vinasaba vilipopatikana kwa bei nafuu, watafiti waliweza kupima kile ambacho mahakama ilikichukulia kuwa wazi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009 ulichukua mbwa 20 waliotolewa kwenye vituo vya wanyama na kulinganisha mbegu walizotajiwa na wahudumu kwa kuwatazama na zile zilizoonyeshwa na vinasaba. Kutolingana kulikuwa jambo la kawaida. Takwimu za vifo nazo hazikutoa jibu moja. Uchambuzi wa vifo 238 vya miaka ya 1979 hadi 1998 nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2000, uliwahusisha pitibuli na Rottweiler na zaidi ya nusu ya vifo hivyo, lakini pia ulizitaja mbegu zisizopungua 25, na watafiti wenyewe wakatahadharisha kwamba ugumu wa kutambua mbegu unafanya sheria za aina hii kuwa na walakini. Kila upande ulipata ndani yake aya ya kunukuu.

Jimbo dhidi ya jiji

Mwaka 2004 Bunge la Colorado lilipitisha sheria iliyoongeza dhima ya kiraia ya mwenye mbwa anayesababisha jeraha kubwa, na papo hapo ikazikataza serikali za mitaa kutunga kanuni za mbwa hatari zinazolenga mbegu maalumu. Mantiki yake ilikuwa kumwadhibu mwenye mbwa kwa kitendo kilichotendeka, si kumhukumu mbwa kwa nasaba. Denver ilisimamisha marufuku yake, kisha ikalishtaki jimbo.

Silaha ya jiji ilikuwa Ibara ya 20 ya Katiba ya Colorado, iliyoingizwa mwaka 1902, ambayo huipa Denver mamlaka ya kujiendeshea mambo yake ya ndani. Sheria ya Colorado hugawanya mambo katika makundi matatu: ya jimbo zima, ya mitaa, na yaliyochanganyika. Katika yale ya mitaa, sheria ya jiji lenye mamlaka hayo huishinda sheria ya jimbo. Desemba 2004 mahakama ya wilaya ya Denver iliamua kwamba udhibiti wa mbwa ni jambo la mitaa, na Mei 2005 jiji likaanza tena kukamata. Kipindi kilichofuata ndicho kigumu zaidi katika historia yote hii. Familia zilizokuwa zimepata mbwa wakati sheria imesimama zilijikuta zimevunja sheria nyumbani mwao. Wako waliowaficha mbwa kwa jamaa wa nje ya jiji, wako waliohama, na wako waliowapoteza. Mwaka huohuo mji jirani wa Aurora ulitunga katazo lake wenyewe, hivyo mbwa aliyekimbizwa kutoka Denver hakuweza kupelekwa popote tu upande wa mashariki.

Mvutano huu haukuwa wa Colorado peke yake, ila mahali pengine ulichukua sura nyingine. Ohio ilifanya kinyume kabisa: jimbo lenyewe, mwaka 1987, lilimtangaza pitibuli kuwa mbwa mkatili kwa sheria, na halikuliondoa tamko hilo hadi mwaka 2012. Florida ilizuia sheria za mbegu mwaka 1990 lakini ikaziacha zilizotangulia, kwa hiyo marufuku ya Miami-Dade ya mwaka 1989 iliishi hadi sheria mpya ya jimbo ilipoikomesha mwaka 2023. Upekee wa Denver ni kwamba jimbo lilijaribu kuiondoa sheria yake likashindwa. Katiba ililifungia mlango.

Tishio jipya lilitoka mahakama za shirikisho. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi, katika shauri la Dias, ilikubali kwamba sheria ilieleweka vya kutosha, lakini ikaruhusu walalamikaji waendelee na dai moja: kwamba huenda, kwa elimu iliyopatikana tangu 1991, hakuna tena uhusiano wa kimantiki kati ya katazo hili na usalama wa watu. Uamuzi huo haukuifuta sheria. Uliweka tu katika maandishi ya mahakama wazo kwamba mantiki ya sheria yaweza kuchakaa.

Kura ya 2020

Februari 2020 Baraza la Jiji lilipiga kura ya kuliondoa katazo na kuweka kibali badala yake. Meya Michael Hancock alitumia kura ya turufu, mara yake ya kwanza tangu ashike madaraka mwaka 2011. Hoja yake inastahili kusomwa kwa makini kuliko ilivyosomwa wakati ule. Hakusema kwamba mbwa wote wa aina hiyo ni wakali. Alisema kwamba chini ya asilimia 20 ya wanyama wa kufugwa jijini walikuwa na leseni, hivyo mfumo wa vibali ungejengwa juu ya uandikishaji usiokuwapo. Tunarudi, pasipo yeye kusema, kwenye orodha ya kodi ya Louisiana. Baraza lilijaribu kuipindua turufu hiyo likapata kura 8, ilhali zilihitajika 9 kati ya 13.

Suala likapelekwa kwa wananchi. Tarehe 3 Novemba 2020 karibu theluthi mbili ya wapigakura waliunga mkono kuondolewa kwa katazo. Ikumbukwe kwamba miaka 6 kabla, wapigakura wa Aurora, ng'ambo ya mpaka tu, walikuwa wamekataa kwa wingi kuliondoa la kwao.

Kanuni mpya ilianza Januari 2021. Mwenye pitibuli anatakiwa kupata kibali, mbwa ahasiwe na awekewe chipu, na kaya isizidishe mbwa wawili wa namna hiyo. Miezi 36 ikipita bila kosa, mbwa hutolewa katika utaratibu huo na kuhesabiwa sawa na wengine. Lakini ili ijulikane kama anahitaji kibali, mbwa hupelekwa kwanza kwa maofisa wa wanyama wa jiji, nao humkagua kichwa, kifua, miguu na mkia, kila mmoja akijaza fomu yake, kutafuta kama ana sifa nyingi za mojawapo ya mbegu tatu zilizotajwa mwaka 1989.